Nyota Tatu na Robo

Kiwandani Igogo mimi ni mtu wa mizani.
Minofu ya sangara inapita, nasoma tarakimu,
naita, mwenzangu anaandika, inapita.
Saa kumi na moja alfajiri navua mabuti,
nasugua mikono kwa ndimu, harufu haisikii,
napanda mawe ya Mabatini hadi kwa Kwandu.
Karai lake la maandazi limeshaanza kuguna,
simu imeegemezwa kwenye kopo la hamira.

Leo ni Osaka. Ukumbi mdogo, viti vya kukunja,
watu wametulia kama wanaosubiri daktari
hadi mmoja arushwe; hapo wote wanashusha pumzi.
Natsue Imabari, nywele rangi ya fanta,
na Kuniko Oyamada, miaka arobaini na minne,
magoti yote mawili bandeji.

Tuna daftari. Mechi moja, mstari mmoja,
nyota hazizidi tano.
Kwandu mkono wake mzito, hukata robo robo
kama muuza sukari anayemjua mkopaji.
Tano kamili hatujawahi kuiandika.
Ukurasa wa mwisho tumeuachia.

Mdogo wangu Lugembe hutucheka:
"Mieleka ya kupangwa hiyo! Mshindi anajulikana
tangu wakinywa chai."
Lugembe, bibi yetu mzaa mama alikuwa Mgalu.
Kule Kisesa, siku za Bulabo, ngoma mbili uwanja mmoja,
nani alikuwa na kalamu?
Watu walihama. Alama ilikuwa hiyo,
vumbi la miguu likielekea upande huu
na wale kule wakibaki kuchezea mbwa na watoto.
Na chatu aliyemvaa shingoni, alipangwa?
Alizoezwa, sawa.
Alikuwa chatu vilevile.
Na mgongo ukitua kwenye mbao
ni mgongo.

Kuniko anapigwa kiwiko. Anasema neno,
hatulijui, tunalielewa: *tena.*
Anapigwa tena.
Anabebwa juu, anageuzwa, anashushwa kwa shingo,
mwamuzi anapiga sakafu, moja, mbili,
bega linanyanyuka.
Kijana wa bodaboda, mia tano mkononi,
amesahau alichofuata. "Yupi mbaya hapo?"
"Hakuna," namjibu. "Mmoja anaanza, mmoja anamaliza."
Moja, mbili, bega.
Maandazi yanaungua, Kwandu hageuzi.
Moja, mbili.
Bega, jamani, bega!
Kijana amepiga kelele mpaka jirani kafungua dirisha.

Mara ya nne halikunyanyuka.

Natsue hakushangilia. Alipiga magoti,
akainama hadi rangi ya fanta ikagusa sakafu,
na Kuniko, akiwa bado chali,
akampapasa kichwa kama anayetafuta miwani gizani.

Nikachukua kalamu. "Nne na nusu," nikasema,
"na hiyo nusu nimebana."
Kwandu alikuwa anaopoa maandazi meusi, moja moja.
"Tatu na robo."
"Tatu? Wewe ulikuwa unalia!"
"Ndiyo maana. Ile mara ya pili wangemwachia alale.
Mtu wa magoti yale hainuki mara tatu
ila kama kuna anayemdai."

Kwandu alibeba magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba
miaka kumi na miwili.
Kulia akigeuka, hugeuka mzima, kama kabati.
Sijawahi kumuuliza ni gunia lipi,
wala nani alikuwa anahesabu.

Nimeandika tatu na robo.
Kwangu ilikuwa nne na nusu, bado ni nne na nusu,
lakini mizani yangu husoma uzito
baada ya mwingine kuubeba.

Kijana amelipa, amepewa yaliyoungua,
anayala bila kulalamika. Anauliza lini tena.
"Alhamisi," anasema Kwandu, akimimina mafuta mapya.
"Njoo na kalamu yako."